Mrejesho: Ule mfuko wa hisa za ukuaji wa Kanada

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama nibaki na mfuko wa hisa za ukuaji (za kampuni zinazotarajiwa kukua haraka) niliouziwa na benki hapa Toronto, wenye ada ya asilimia 2.3 kwa mwaka, au nihamie mfuko unaofuata soko zima la hisa la Kanada kwa kipimo cha S&P/TSX. Nimehama, na ada sasa haifiki asilimia 0.1.

Aliyesisitiza nisitoe hela kwenye TFSA (akaunti ya akiba ya Kanada isiyotozwa kodi) bali nijaze fomu ya uhamisho, Mungu akubariki sana. Ningetoa mwenyewe, nafasi ile ya kuweka hela kwenye akaunti ingerudi Januari 1 ya mwaka unaofuata.

Kilichokwama: benki ilinikata dola 150 za kuhamisha, na taasisi mpya imekataa kunirudishia, eti kiasi changu ni kidogo. Mlioko Kanada, ulizieni hilo kabla hamjasaini.