Tupeane uzoefu: mafunzo ya bure ya huduma ya kwanza mwaloni (mitumbwi ya wavuvi inakotia nanga), watu wanakosea wapi?

Mwanzisha Mada
Wakuu wa Kigoma, tunataka kuwafundisha bure wavuvi, akina mama wa dagaa na bodaboda wa Kibirizi. Mnaojua, mwageni. Mtu akiopolewa ziwani, kosa liko wapi?

Fundi Kasia
Kosa liko tumboni. Mtu akitolewa tu, ananing'inizwa miguu juu au analazwa kwenye pipa ati maji yatoke. Yanayotoka ni ya tumbo, na yakibeba chakula yanaingia mapafuni. Kinachoua ni kukosa hewa.

Mlaze chali kwenye mchanga uliolowa, ule mgumu, sambamba na ukingo wa maji ili kichwa na miguu viwe usawa mmoja. Mchanga mkavu unadidimia, nguvu zako zinaishia ardhini. Haitikii, hapumui, au anatwetatweta kama mgebuka uliotupwa nchi kavu (hiyo si pumzi)? Inua kidevu, bana pua, pulizia mara 5 huku ukitazama kifua kinapanda. Kisha kisigino cha kiganja katikati ya kifua, sukuma 30, pulizia 2, hivyo hivyo mfululizo. Kina sentimita 5, kisizidi 6. Hizo 30 ziishe ndani ya sekunde 15 hadi 18. Kiache kifua kinyanyuke chenyewe kabla hujasukuma tena. Hapa wabeba magunia ndipo wanapoharibu, wanamlalia mtu. Povu la mdomoni usihangaike kulifuta, linarudi. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha, mrudishe. Kila dakika 2 mpokezane.

Mwana Ujiji
Hapo kwenye mchanga umenena.

Mpita Njia
Mbona wengine wanasema kusukuma tu kunatosha, hakuna kupuliziana?

Fundi Kasia
Hiyo ni kwa mtu mzima aliyedondoka ghafla, moyo umesimama na damu bado ina hewa. Aliyezama, hewa ilimwishia kwanza. Usichanganye.

Dada wa Mwanga
Mnaanzia mwisho. Anayekwenda kuokoa naye huzama, kwa sababu mwenzake anamkumbatia shingo. Fundisheni dumu: la lita 20, kifuniko kimekazwa, maji ya vidole vinne ndani, kamba mita 15 kwenye mpini wa dumu. Likiwa tupu kabisa, upepo unalipeperusha pembeni. Lirushe limpite, halafu livute limfikie.

Boda wa Stesheni
Na sisi wa ajali? Damu ikiruka tunafunga mpira wa mzigo.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, mpira mwembamba unakata nyama, tena unabana mishipa ya juu inayorudisha damu huku ya ndani ikiendelea kuileta. Damu inazidi! Anza na kitambaa na kiganja, kandamiza dakika 10 bila kuchungulia. Ikigoma, na ni mkono au mguu, kunja kanga upana wa vidole vitatu, funga sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda, lakini si kwenye goti wala kiwiko penyewe. Fundo, kijiti, fundo, zungusha mpaka damu ikome. Atapiga kelele, usilegeze. Andika saa uliyofunga.

Mpita Njia
Majivu je? Yanakausha.

Nesi Mstaafu
Majivu kasugulie sufuria.

Mwana Ujiji
😂😂 Na aliyekabwa na chakula kooni ameze tonge la ugali.

Dada wa Mwanga
Usipotoshe watu! Anayekohoa mwache akohoe. Asiyeweza kutoa sauti, mwinamishe, mpige 5 kati ya mabega, zikishindikana minya 5 juu ya kitovu kwenda ndani na juu. Mtoto chini ya mwaka tumbo usiliguse, minya kifua.

Fundi Kasia
Nimesahau: aliyezama akizinduka asipelekwe nyumbani. Apelekwe hospitali ya Maweni, mapafu huweza kuharibika saa kadhaa baadaye. Na 114 ya Zimamoto na Uokoaji apige mwingine, si anayesukuma.

Mwanzisha Mada
Midoli ya mazoezi hatuna.

Nesi Mstaafu
Chupa tupu ya lita 1.5, kifuniko kimekazwa, ndani ya mto wa kulalia. Ikibonyea ikarudi, umepata kifua. Leta kumi.