Kikundi cha Ukoo: Pofu Amevuka Uzio

Da Neema 18:12
Shikamooni wakubwa. Haraka jamani. Elia kampiga pofu dume, yule swala mkubwa, huko Longido, risasi imeingia tumboni, na mnyama karuka uzio wa ranchi ya yule mzee. Leseni anayo, yuko na askari wa wanyamapori. Nani ana namba ya mzee?

Da Neema 18:19
Naona mmesoma. Jibuni.

Anko 18:22
Pofu dume si anafika kilo 900! Nakuja na ndizi 😂

Joshua 18:22
Mimi mkaa 🔥

Da Neema 18:24
Acheni utani. Mnyama anateseka toka saa kumi. Ukishamjeruhi ni wajibu wako kummaliza mapema, hata sheria inasema hivyo.

Elia 18:31
Niko getini. Mlinzi anasema bosi hapokei simu. Giza likiingia fisi watamla akiwa hai.

Joshua 18:32
Ruka. Pofu mwenyewe hakupiga hodi.

Elia 18:33
Na bunduki, usiku, kwa watu? Siruki.

Mama Mkubwa 18:40
Ule mwaka wa ukame huyo mzee aliposhika ng'ombe wetu, si tulimwomba hapohapo getini?

Da Neema 18:41
Mama mkubwa, hilo tuliache leo.

Mama Mkubwa 18:41
Haliachwi. Ng'ombe wawili walifia humo kwa kiu.

Anko 18:43
Elia, muahidi mlinzi paja

Da Neema 18:44
Anko! Hiyo ni hongo, mbele ya askari! Na huyo mlinzi akikutwa na nyama bila hati ni kesi ya nyara za serikali.

Babu 18:58
Elia usivuke. Pofu sisi tunamhesabu ng'ombe. Ng'ombe akiingia kwa mtu anafuatwa kwa mlango. Bunduki weka garini. Mzee akitaka nyama, abaki nayo, mnyama asilale na risasi. Nampigia mwenyewe. Na wale wawili walikuwa wangu, mama, nilishawalilia.

Da Neema 19:20
Asante Babu.

Mama Mkubwa 19:41
Sawa. Kumshukuru mtaenda wenyewe.

Elia 20:05
Mzee kapokea simu ya Babu. Kasema askari aingie, mimi nibaki nje. Nyama tutaongea kesho. Bado hawajamwona, tochi ni moja tu.

Da Neema 20:07
Nani ana tochi kubwa huko? Na kesho nani anaenda na Babu? Joshua? Anko?

Baba Mdogo 21:34
Ndiyo nafungua simu. Tochi ninayo, ila niko Njiro, Arusha mjini. Ameshapatikana?