Mkataba wa kubebewa mimba na shemeji, una nguvu kisheria?

baba_nkuhungu:
Wakuu salaam, wanasheria naomba mnisaidie. Wife alitolewa kizazi 2021 baada ya kutokwa damu sana leba na mtoto hatukumpata, ila mayai anayo. Mdogo wake wa Mpwapwa kakubali mwenyewe kutubebea, tukaandikishana kwa wakili, kurasa mbili, muhuri na mashahidi, kwamba akijifungua anatukabidhi mtoto na sisi tunampa milioni 6 mbali na matunzo. Juzi mama mkwe anachambua mlenda kauliza bila hata kuinua kichwa, "na akigoma kumtoa, mtaenda polisi na hiyo karatasi?" Toka hapo usingizi sina. Shemeji hajapandikizwa mimba bado.

wakili_msomi_wa_mchongo:
Pole mkuu, mmenunua muhuri. Bongo hatuna sheria maalum ya sarogasi, yaani huku kubebewa mimba, so itaangaliwa Sheria ya Mikataba, na kifungu cha 23 kinabatilisha makubaliano yanayokwenda kinyume na maadili au maslahi ya umma, sasa mtoto kwa milioni 6 hata ungemwita "shukrani" jaji atakuuliza shukrani ya nini. Halafu tangazo la kizazi linaandikwa jina la aliyezaa, nesi hajui yai la nani, na RITA, wale wa vyeti vya kuzaliwa, wanatoa cheti kwa hilohilo tangazo. Njia yenu ni kuasili mtoto kisheria (adoption), Sheria ya Mtoto ya 2009, Mahakama Kuu, ustawi wa jamii watakuja mpaka sebuleni, na shemeji ataulizwa upya kama anaridhia. Akisema hapana, mara nyingi ndo hapana.

Mtani wa Mara:
Mnahangaika nini, sisi Wakurya nyumba ntobhu, mwanamke kumuoa mwanamke mwenzie amzalie watoto, ipo toka enzi za mababu

wakili_msomi_wa_mchongo:
Mtani acha hizo, ile kuna ng'ombe zimetoka na mtoto anajulikana wa boma gani tangu hajazaliwa. Hapa kuna karatasi tu.

Dada Kisasa:
Sauzi mkataba unapelekwa Mahakama Kuu KABLA ya kupandikiza, kubeba kwa malipo marufuku, zinarudishwa gharama tu, mbebaji lazima awe na mtoto wake hai na kama ameolewa mume naye aridhie. Uingereza sheria yao ya 1985 pia haikubali mtu alazimishwe kutekeleza mkataba kama huo. Sasa baba nikuulize, huyo shemeji ana mume? Maana akizaa ndani ya ndoa, sheria ya ushahidi inamhesabu mumewe ndo baba, mpaka mbishane mahakamani.

baba_nkuhungu:
Anaye, yuko machimboni Mererani. Kwenye kile kikao hakuwepo, tulisema ataambiwa akirudi.

Dada Kisasa:
Eeh makubwa! Futeni hiyo milioni 6, mpigie huyo bwana leo leo