Mrejesho: Jioni yangu ya Hyderabad

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza namna ya kuitumia jioni moja ya mapumziko mjini Hyderabad, India, ninakojitolea kufundisha watoto, nanyi mkanishauri niende Charminar, lile jengo maarufu la kale, nikapande juu, ninywe chai ya Kiirani, kisha nimalizie Laad Bazaar, soko la bangili. Nawashukuru kwa dhati.

Kupanda juu sikufanikiwa, kwa kuwa nilichelewa kutoka kazini nikakuta mlango umeshafungwa. Atakayefuata afike mapema alasiri. Hata hivyo, kuliona jengo hilo la mwaka 1591 likiwashwa taa, minara yake minne ikisimama juu ya msongamano wa bajaji, huku adhana ya Magharibi ikisikika, kulinigusa mno. Chai ni nzito na tamu, na biskuti za Osmania zina chumvi kidogo inayoukata utamu huo vizuri sana.

Huko Laad Bazaar nilimtazama fundi akilainisha lakiri, utomvu mgumu kama nta, juu ya makaa, akaizungusha ikawa bangili, kisha akabandika vioo kimoja kimoja kwa kibanio. Nilimnunulia mama jozi mbili, na bei ilipungua baada ya kupatana kwa upole kama mlivyonielekeza.