Wafugaji nyuki tupeane uzoefu: mizinga ipo, asali iko wapi?

Wakuu, habari. Mizinga yangu iko Sikonge, Tabora. Msimu huu mingi nimeikuta mitupu, na yenye nyuki masega yake ni makavu. Mzee aliyenifundisha kurina analaumu mabani ya tumbaku, vile vibanda vya kukaushia majani kwa moto: kuni zake ni miti ya miombo hiyohiyo wanayotegemea nyuki, na ukikata mtundu, mmoja wa miombo hiyo, umekata maua yanayotoka kabla ya mvua, wakati pori limekauka. Mimi naongeza kosa letu wenyewe: bado tunachuna magome tutengeneze mizinga. Gome likitoka mzunguko mzima, mti umekwisha. Kwenu vipi?

Mama Iramba: Huku ni alizeti. Ikichanua nyuki wanafurika, halafu jirani anapuliza dawa saa nne asubuhi, wako juu ya maua! Jioni unawakuta mlangoni mwa mzinga, wengine chali, wengine wanazunguka kama walevi. Nilimbembeleza jirani apulize jua likizama, akakubali. Mwaka huu shamba kalikodisha, mpangaji hata salamu yangu haitaki.

Mrina Baringo: Salamu kutoka Marigat. Kwetu kuna mathenge, ule mti ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa. Umemeza malisho, maganda yake yameoza meno ya mbuzi, kila mtu anautukana. Ila migunga ikikosa maua kwa ukame, nyuki wangu wanaishi kwa mathenge. Wakija kuung'oa wote sijui nitasimama upande gani. Na maji jamani! Weka karai lenye vijiti vya kutua, la sivyo kiangazi wanahama, mzinga unabaki na nondo, wale wadudu wanaokula masega.

Debe Tupu: Mnaongelea miti, mimi naongelea bei. Dalali anakuja wakati kila nyumba ina madebe, anataja bei yake, na mwenye ada ya shule anauza. Wengine wanarina kabla nyuki hawajafunika masega kwa nta ili wawahi pesa. Asali hiyo ina maji, inachacha, mwisho wake ni wanzuki, pombe ya asali. Kisha tunalalamika wanunuzi wa mjini hawatuamini.

Mama Iramba: @Debe Tupu kweli kabisa. Na nta mnapeleka wapi? Wenzangu wanakamua, makapi wanatupa. Mimi nayayeyusha kwenye maji ya moto, nachuja kwa gunia, naacha ipoe igande juu. Ukiiweka pakavu haiozi, kwa hiyo dalali wa nta hanikimbizi. Akitaja bei ya hovyo namwambia apite tena mwezi ujao.