Majina 16 ya watunzi wa muziki: tumebakiwa na nafasi moja, naomba mwelekeo

Besi wa Moro

Wakuu, habari za jioni. Naimba besi kwenye kwaya ya parokia hapa Morogoro. Mpiga kinanda wetu kila Jumamosi baada ya mazoezi anatoa kadi 16 alizokata kwenye maboksi, kila kadi ina jina la mtunzi mmoja wa Ulaya au Marekani, anazipanga kwenye benchi la nyuma. Sisi tunazigawa mafungu manne, majina manne kila fungu, na lazima tuseme ni nini kinachowaunganisha. Tukikosea mara nne, kadi zinarudi kwenye bahasha. Kusoma na kuulizia watu ni ruksa. Yeye mwenyewe ndiye haulizwi.

Jana tulibaki wanne, mimi, mwenzangu mmoja wa sauti ya tenori na dada wawili wa alto, mpaka mlinzi akaja kufunga. Kadi ni hizi:

Bach, Lully, Borodin, Puccini
Granados, Cui, Handel, Berg
Ives, Rodrigo, Mussorgsky, Chausson
Offenbach, Webern, Rimsky-Korsakov, Delius

Fungu la kwanza lilitokana na Handel. Pasaka tunaimba Haleluya yake kwa nota za sol-fa, na mwalimu wa kwaya alishatuambia kwamba mzee yule alimaliza maisha yake haoni. Basi tukauliza, nani mwingine? Bach. Na hapo nilipigwa na butwaa, kwa sababu aliyewapasua macho ni mtu yuleyule, Mwingereza aitwaye John Taylor. Bach alipasuliwa mara mbili pale Leipzig mwaka 1750, na Julai mwaka huohuo Bach akafariki. Handel alifikiwa mwaka 1758. Hakuna aliyerudishiwa macho. Rodrigo alipofuka akiwa na miaka mitatu kwa ugonjwa wa dondakoo, akawa anatunga kwa nukta nundu. Delius uzeeni hakuona wala hakuweza kushika kalamu. Mwaka 1928 kijana mmoja, Eric Fenby, alimfuata hadi Grez-sur-Loing kule Ufaransa, akawa anaandika noti huku mzee anamtajia moja moja. Hebu fikiria kutaja okestra nzima kwa mdomo, ala baada ya ala! Fungu hilo tukalipata.

Halafu tukaanguka. Tuliweka Borodin, Cui, Mussorgsky na Rimsky-Korsakov, wale Warusi marafiki wa mtunzi mwenzao Balakirev. Tukaambiwa sivyo. Kosa la kwanza.

La pili tulilifanya kwenye fungu la vifo visivyo vya kawaida, tulipomweka Berg pamoja na Lully, Granados na Webern. Berg aliumwa na mdudu, sumu ikaingia kwenye damu, akafa mkesha wa Krismasi 1935, kwa hiyo hatukukosea bure. Ila anayetakiwa pale ni Chausson, aliyejigonga ukutani na baiskeli akiteremka mlima mwaka 1899. La tatu, tulikusanya watunzi wa opera: Puccini, Offenbach, Mussorgsky, Rimsky-Korsakov. Sivyo.

Zimebaki kadi nane: Borodin, Puccini, Cui, Berg, Ives, Mussorgsky, Offenbach, Rimsky-Korsakov. Nafasi ni moja. Naomba mwelekeo, jibu lote msinipe.

Mama Kinanda

Mwanangu, mmefanya vizuri kuliko unavyodhani. Huyo mpiga kinanda wenu ni mtu makini, kuweka Warusi wanne mezani ni mtego wa makusudi.

Mwelekeo wangu ni huu. Acha kwanza walichotunga. Chukua Ives na Cui, uulize kila mmoja asubuhi alikuwa anaelekea kazini wapi.

Na kwa hao wengine, uliza kilichokuwa juu ya meza siku walipokufa.

Fidla ya Pili

Mama Kinanda kashasema karibu kila kitu, mimi naongeza kidogo tu maana nampenda sana Puccini. Alifariki Brussels Novemba 1924. Opera aliyoiacha ilionyeshwa mara ya kwanza Milano Aprili 1926, okestra ikiongozwa na Toscanini. Usiku ule, walipofika mahali ambapo kalamu ya Puccini ilikomea, Toscanini aliweka fimbo chini, onyesho likaishia hapohapo. Sehemu aliyoimalizia mtu mwingine watu waliisikia usiku uliofuata. Nikikumbuka ukimya huo wa ukumbini najikuta nanyamaza na mimi.

Besi wa Moro

Mama Kinanda, asante sana, nimeelewa! Nimekaa na daftari tangu saa mbili usiku.

Ives alikuwa mtu wa bima New York, na biashara yake ilikuwa kubwa. Simfonia yake ya tatu ilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1947, wakati kutunga alikuwa ameshaacha miaka mingi. Cui alikuwa mhandisi wa jeshi, mtaalamu wa ngome, akapanda mpaka ujenerali. Rimsky-Korsakov alikuwa afisa wa jeshi la majini. Kuanzia 1862 alizunguka na meli karibu miaka mitatu, na simfonia yake ya kwanza ilikuwa humo melini pamoja naye. Borodin alikuwa profesa wa kemia St. Petersburg. Fungu la watu wenye ajira nyingine limetimia.

Wanaobaki ni Puccini, Berg, Offenbach na Mussorgsky: opera zilizomaliziwa na mkono wa mwingine. Offenbach alikufa Oktoba 1880, ile opera yake ya Hoffmann ikaonyeshwa Februari 1881 baada ya Guiraud kuikamilisha. Ya Berg ilisubiri zaidi. Mjane wake hakutaka mtu aiguse, na sehemu ya tatu ilisikika Paris mwaka 1979.

Lakini sasa napata shida ambayo sikuitegemea. Borodin naye aliacha opera haijaisha! Aliianza mwaka 1869, akafa ghafla 1887 akiwa kwenye dansi, ikamaliziwa na Rimsky-Korsakov na Glazunov. Na Mussorgsky naye alikuwa na ajira: afisa wa jeshi ujanani, kisha karani wa serikali, hata idara ya misitu alifanya kazi. Nikiwabadilishana hao wawili, mafungu yote mawili bado yanasimama. Naweka yupi wapi? Nafasi ni moja.

Alto Tanga

Ukweli mtupu. Nimejaribu pande zote mbili hapa nyumbani, zote zinakubali. Basi fumbo lina jibu mbili, na hilo si kosa lenu.

Mwalimu Mstaafu

Kijana wangu, umeuliza swali zuri. Nimefundisha muziki chuo cha ualimu miaka mingi, na hao wawili nimewataja darasani mara nyingi kwa sababu moja ambayo naona hamjaigusa.

Walikutana hospitalini. Mwaka 1856, hospitali ya jeshi St. Petersburg, Borodin ni daktari wa zamu mwenye miaka 22, Mussorgsky ni afisa kijana wa miaka 17, naye yuko zamu siku hiyo. Wakaanza kuzungumza kwa sababu tu zamu ilikuwa haina kazi nyingi. Wote wamevaa sare, na hakuna kati yao aliyejulikana kama mtunzi. Miaka 31 baadaye wote wamekufa, kila mmoja kaacha opera mezani, na aliyeketi kuzimalizia zote mbili ni rafiki yao, Rimsky-Korsakov, ambaye kadi yake nanyi mnayo hapo kwenye benchi. Aliacha kazi zake mwenyewe akashughulikia za marehemu. Kwa hiyo msishangae kadi hizo mbili hazikubali kutenganishwa.

Sasa, mkinilazimisha kuchagua, Borodin namweka kwenye ajira. Sababu yangu ni kwamba hata kama asingeandika noti moja, bado angetajwa kwenye vitabu vya kemia kwa utafiti wake wa aldehaidi. Tena alikuwa miongoni mwa walioanzisha masomo ya udaktari kwa wanawake pale St. Petersburg mwaka 1872. Ile ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake, muziki aliuandika akipata nafasi, mara nyingi akiwa mgonjwa kitandani. Ukarani wa Mussorgsky ulikuwa wa kutafuta mkate tu. Mtunga fumbo yeyote akitafuta mtunzi mwenye kazi nyingine, wa kwanza kumjia kichwani ni Borodin.

Ila Alto Tanga ana haki. Mwambieni huyo mpiga kinanda, kwa heshima, kwamba fumbo linahitaji kurekebishwa.

Fidla ya Pili

Mwalimu, shikamoo. Habari ya hospitali sikuijua kabisa, nashukuru.

Kama atabadilisha kadi, nashauri amtoe Mussorgsky amweke Mozart. Misa yake ya wafu ilimaliziwa na Süssmayr, na ajira nje ya muziki hakuwahi kuwa nayo. Fungu litabidi liitwe kazi zilizomaliziwa na wengine badala ya opera. Na zile hadithi za kwamba Mozart alilishwa sumu zitawavuta watu kwenye fungu la vifo, kwa hiyo mtego utabaki.

Mama Kinanda

Naafiki. Ila asije akamweka Balakirev ili Warusi warudi wanne. Balakirev naye kuna kipindi aliajiriwa ofisi ya reli, mtarudi palepale.

Besi wa Moro

Marahaba kwa wadogo, shikamoo kwa wakubwa wote. Narudi na majibu, leo ni Jumapili nyingine.

Jana tulikaa kwenye benchi lilelile. Niliwasomea wenzangu alichoandika Mwalimu kuhusu hospitali, na dada mmoja wa alto akasema hataki tena kuzitenganisha hizo kadi, bora tushindwe. Tulibishana kidogo. Mwishowe tuliweka Borodin na Cui, Ives na Rimsky-Korsakov. Mpiga kinanda akatikisa kichwa kukubali. Tumepata.

Kisha nikamweleza hilo jibu la pili. Nilikuwa na wasiwasi kwa sababu amenizidi umri na fumbo ni lake. Alikaa kimya, akazichukua kadi mbili akazishika moja kila mkono, akaniuliza idara ya misitu nimeipata wapi. Nikamwonyesha. Akasema alijua kuhusu jeshi, ukarani hakuufikiria, na kwamba kama mtu angempa jibu langu la pili asingekuwa na haki ya kulikataa. Akaomba kalamu, akamwandika Mozart kwenye kadi mpya palepale. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Kadi ya Mussorgsky amenipa mimi, ipo ndani ya jalada la daftari langu la nota.

Wiki ijayo zamu ya kutunga fumbo ni yangu, mara ya kwanza. Nataka fungu moja liwe la watunzi waliofundisha muziki kwa wasichana. Ninaye Vivaldi, aliyefundisha mabinti wa nyumba ya yatima ya Pietà pale Venice, na Holst, aliyefundisha St Paul's Girls' School London kuanzia 1905 mpaka alipofariki 1934. Nahitaji wawili zaidi. Na tafadhali, kila mtakayemtaja, niambieni pia kama alipofuka, kama alikuwa na ajira nyingine, na kama kuna kazi aliyoiacha haijaisha.