Trekta ya marehemu baba imeng'ang'ania gia, naombeni ushauri kabla giaboksi haijafunguliwa

MkulimaKakuyuni
Salaam aleikum ndugu zangu. Nina Massey Ferguson 135 niliyoachiwa na marehemu baba. Imekaa chini ya mwembe hapa Kakuyuni, Malindi, tangu masika ya mwaka jana. Injini haina neno, nikiipa betri inaitika. Shida ni mkono mkubwa wa gia: umekwama namba mbili, hauendi mbele wala haurudi. Ule mdogo, wa nguvu na mbio, unacheza vizuri. Fundi aliyekuja jana alitaka kuutandika kwa nyundo nikamzuia. Akasema basi trekta itenganishwe katikati, na bei aliyotaja ni ya kuuza ng'ombe. Mvua iko karibu na shamba bado halijaguswa. Nifanyeje?

BintiMpeketoni
Pole kaka. Una hakika si klachi? Kwetu ilikaa miezi minane, sahani ya klachi ikashikana na flaiwili kwa kutu. Tulikanyaga pedeli tukaikaza chini kwa kipande cha mti usiku kucha, kesho yake ikaachia.

MkulimaKakuyuni
Dada, mkono haujongei hata injini ikiwa imezimwa. Nikiweka ule mdogo katikati, naweza kuwasha na trekta haitembei.

FundiMarereni
Basi klachi iache kwanza. Klachi ikishikana, gia hulia na kukataa kuingia injini ikiwa inazunguka, lakini ikizimwa mkono kwa kawaida unapita, pengine kwa kutikisa trekta kidogo. Wako umekufa kabisa, kwa hiyo tatizo liko ndani, juu ya giaboksi, kwenye vyuma vinavyosukuma gia.

Nikuulize: ile raba ya shinani mwa mikono ni nzima? Nauliza kwa sababu trekta nyingi za huku pwani zinaharibikia hapo. Mvua inateremka na mkono, maji yanakaa ndani, na hewa yetu ya chumvi inamalizia kazi.

Anza na oili. Legeza nati ya chini pole pole, usiitoe. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwepo yatatangulia kutoka. Ukiona oili yenyewe imekuwa kama chai ya maziwa, umepata jibu. Tayarisha ndoo za kutosha: kwenye 135 oili ya giaboksi, difu na hidroli ni moja, karibu lita 30.

Kisha fungua kile kifuniko kinachobeba mikono. Hapo hutenganishi trekta, ni boliti tu. Funika tundu kwa kitambaa safi, mchanga usiingie. Ndani utaona vyuma vyenye mikato. Mkono ukiwa umetoka, mikato yote inatakiwa ikae mstari mmoja. Hiyo ndiyo nyutro. Mmoja ukiwa umesogea, ndio unaoshikilia gia. Mwagia dizeli iliyochanganywa na oili, acha siku mbili tatu, uirudie asubuhi na jioni. Halafu usukume kwa bapa la chuma, taratibu, huku mwenzako akizungusha tairi la nyuma kidogo kidogo huku na huku ili meno yaachiane. Nyundo hapana! Uma, kile chuma cha ndani kinachosukuma gia, ukipinda au kuvunjika, hapo ndipo trekta itakatwa kweli.

MzeeWaGanda
Mwanangu, Fundi amesema vyema, ila hilo la kuzungusha tairi msilifanye kwa haraka. Injini izimwe na waya wa betri utolewe. Tairi za mbele ziwekewe mawe pande zote mbili, na mkiinua tairi la nyuma msitegemee jeki peke yake, wekeni magogo. Na yeyote asije akaunganisha stata kwa bisibisi akiwa amesimama chini. Trekta iliyo ndani ya gia ikiitika inampanda mtu hapo hapo. Nimezika jirani kwa jambo hilo.

MkulimaKakuyuni
Shukran sana mzee wangu, nimesikia. Fundi, raba imepasuka siku nyingi, na maji yametoka karibu nusu ndoo kabla ya oili. Nyeupe kama ulivyosema. Nimeumia moyo, baba asingekubali ifike hapa.

MkulimaKakuyuni
Ndugu zangu, siku ya nne leo. Chuma kimoja kilikuwa na kutu upande wa nyuma. Asubuhi mdogo wangu akizungusha tairi, mimi nasukuma bapa, kikatoa mlio kikarudi mahali pake. Mikato yote mstari mmoja! Nimerudisha kifuniko, gia zote zinaingia. Sasa nitie oili nzuri moja kwa moja?

FundiMarereni
Alhamdulillahi. Usitie nzuri kwanza, utaipoteza. Tia ya bei nafuu, endesha saa moja bila mzigo, inua na kushusha hidroli mara nyingi, kisha imwage ingali moto ili itoke na maji yaliyobaki. Ikitoka nyeupe, rudia. Ikitoka safi, weka oili ya trekta inayofaa giaboksi na hidroli pamoja, si ile nzito ya difu ya lori, pampu itaumia. Na raba mpya leo hii, kabla ya plau.

MkulimaKakuyuni
Raba nimeshamtuma kijana Malindi mjini. Mpaka arudi nimefunga mpira wa tyubu kwa waya, na turubali juu.

BintiMpeketoni
Hongera kaka. Ukianza kulima tuwekee picha.